Siku Mbuzi wa Mahari Walipokula Mchungwa Wangu

Nikiingia kwenye parseli ya mtu, yaani kiwanja chake, macho yangu hutangulia kwenye miti. Mwenye nyumba amesimama mlangoni anangoja salamu, mimi nimeshainama kwenye shina la mti wake wa avoka natafuta uyoga. Marehemu mume wangu alikuwa akisema kwamba siku ya hukumu nitafika mbinguni na kuuliza kwanza ni nani anayepogoa ule mti wa uzima. Nilimjibu kwamba kama anayeupogoa ni mtu wa Butembo, basi Mungu atusaidie.

Nasema hivyo kwa sababu nawajua watu wangu. Mji wetu, huku mashariki mwa Kongo, ni wa milima, na hakuna anayejenga bila kwanza kuukata mlima kwa jembe na beleshi apate mahali pa kuweka nyumba. Ule udongo mwekundu lazima uende mahali, na mara nyingi huishia kwenye shina la mti uliosimama upande wa chini. Unaukuta mti umefukiwa mpaka kiunoni, na mwenyewe anajisifu eti ameupa chakula. Mti hauli kwa kiuno. Pale shina linapokutana na mizizi panataka hewa. Ukipafukia, gome linaoza polepole, miaka inapita, kilele kinaanza kukauka, na mwenye parseli anaanza kutafuta jirani aliyemroga. Nimewahi kushika beleshi la mtu na kumfukulia mti wake huku yeye akinitazama tu, chai inampolea mkononi.

Halafu kuna waya. Mtu anafunga waya wa kuanikia nguo kwenye mti mchanga, mti unanenepa, waya haunenepi. Kanisani kwetu kengele ni chuma cha gurudumu la lori, kinapigwa kwa nondo, na kilikuwa kimening'inizwa kwenye mti mmoja wa zamani kwa waya ambao ulikuwa umeshazama ndani ya gome mpaka hauonekani. Niliwaambia wazee wa kanisa waukate, au wahamishe kengele. Wakasema watalipeleka jambo kwenye kamati. Mti haukungoja kamati. Ulivunjika pale pale penye waya, mchana mtulivu usio na upepo, ukaangukia ngoma ya kwaya. Hakuna aliyeumia isipokuwa ngoma. Tangu hapo wakaniita daktari wa miti, na mgema akisifiwa tembo hulitia maji: nikaanza kutoa dawa hata kwa watu ambao hawakuniuliza.

Basi mtu mwenye mdomo kama huo ndiye aliyeliwa mti wake na mbuzi, mchana kweupe, mbele ya familia mbili zilizovaa nguo za sherehe.

Mti wenyewe ni mchungwa. Mume wangu aliuleta kutoka Beni ukiwa mche ndani ya kopo la maziwa ya unga, mwaka ule tuliponunua parseli yetu upande wa Rughenda, pale ndege ndogo zinapopita juu ya mabati zikienda kutua. Watu walimcheka. Huku ni baridi, walisema, machungwa ni ya Beni kwenye joto, wewe panda karatusi uuze mbao. Hawakukosea sana. Machungwa yetu yana ukali unaomfanya mlaji afumbe jicho moja. Lakini mti ulikua, ukapanuka, na chini yake ndipo ninapoweka cherehani yangu siku zisizo za mvua. Hapo ndipo binti yangu wa pekee alipojifunza kutembea, akizunguka shina kwa kulishika. Na mume wangu alipokuwa mgonjwa, tulikuwa tukitoa kitanda chake kila asubuhi na kukiweka kwenye kivuli kile, kwa sababu alisema ndani anasikia dari linamkaribia. Niliupenda mti ule, basi. Sina namna nyingine ya kusema.

Sasa binti akapata mchumba, kijana wa Beni, mwenye shamba la kakao upande wa Mbau. Barabara ikitulia anakwenda shambani, ikichafuka kwa watu wa bunduki anabaki mjini na kazi nyingine ambayo sikuwa nimeuliza vizuri. Siku ya mahari ikapangwa.

Kwetu Wanande mahari ni mbuzi. Mambo mengine yanaweza kuongezwa, lakini mbuzi lazima waje kwa miguu yao mpaka uani, waonekane, wasifiwe na wenye kuwaleta na kudharauliwa na wenye kuwapokea. Kila mmoja ana mwenyewe: huyu wa mjomba, huyu wa shangazi, na mmoja ni wa mama mzazi. Na mama mzazi mwenyewe hakai uani. Anakaa ndani ya nyumba, pazia limeshushwa, mpaka aitwe. Mkwe wake haruhusiwi kumpa mkono, wala kula mbele yake, wala kumsemesha ana kwa ana. Ndiyo heshima yetu. Nilikuwa nimeikubali tangu zamani, maana hata mimi mama yangu aliishika.

Nilifungiwa ndani na wifi yangu, dada mkubwa wa marehemu, ambaye binti yangu humwita shangazi, kwa hiyo na mimi namwita hivyo. Alikuwa ameshuka kutoka Lubero na gunia la viazi na mila zote za ukoo kichwani. Kwenye mambo ya heshima hana mchezo. Angekuwa polisi, Lubero nzima ingekuwa imenyooka.

Nje, vijana wa upande wa mume walifika na mbuzi. Walikuta nguzo zote zimeshikilia turubai, wakawafunga kwenye mchungwa, kamba fupi, wote kwenye shina moja. Hakuna aliyewatupia hata jani la mgomba, kwa sababu sherehe ilitakiwa iishe mapema. Iishe mapema! Msemaji wetu alikuwa kaka yangu, mwalimu aliyestaafu, mtu ambaye hata akiomba chumvi mezani huanza na utangulizi.

Mimi nilichungulia pembeni ya pazia. Mchungwa uko upande ambao dirisha halifiki, kwa hiyo sikuuona. Nilimwona mkwe tu. Amekaa katikati ya rafiki zake, suti ya kijivu, jasho linamtoka na huku kwetu ni baridi. Na haangalii mbele, haangalii binti yangu aliyepambwa mpaka akawa mgeni hata kwangu. Anaangalia pembeni, uso umekunjika kama mtu anayeng'olewa jino.

"Acha kuchungulia," shangazi akaninong'oneza kwa Kiswahili chetu cha huku, chenye Kifaransa ndani. "Mama ya bibi-harusi hapana kuonyesha pua ku dirisha."

"Ule kijana haangalie mutoto yetu. Eko naangalia wapi?"

"Njo heshima ile. Kijana ya heshima anaangalia chini."

"Mais haangalie chini! Anaangalia pembeni. Pengine kuko musichana ingine."

Shangazi akanivuta gauni nikakaa. Lakini moyo wangu ulikuwa umeshaharibika. Nilijiambia, huyu hampendi binti yangu, ana macho ya kutangatanga. Nilikasirika kiasi kwamba nilikula maandazi ya wageni bila kuhesabu.

Yaliyotokea nje nilikuja kuambiwa baadaye, na kila mtu alinieleza akijitetea. Mbuzi walipomaliza kunusanusa chini, wakaanza gome. Kwetu watu husema mbuzi hula pale alipofungwa, na kwa kawaida wanawasema wakubwa wa ofisini. Siku ile maneno hayo yalikuwa ya mbuzi wenyewe. Gome la mchungwa ni jembamba, tamu kwao, linavuliwa kwa mkanda mrefu. Watu waliona. Jirani yangu aliona, wajomba waliona, hata mchungaji aliona. Lakini mbuzi ambao msemaji hajatamka kwamba wamepokelewa bado ni wa upande wa mume, na mkono wa upande wetu ukiwagusa, ni sawa na kuomba. Aibu hiyo nani ataibeba? Nao upande wa mume wangeweza kuwasogeza, lakini kufungua kamba kabla ya kupokelewa maana yake ni kwamba wanaondoka na mali yao, uchumba umekufa.

"Mbuzi ziko nakula muti," jirani alimnong'oneza mjomba mmoja wa kwetu.

"Haziyapokelewa bado. Hapana kugusa."

"Mais zinamaliza!"

"Tungoje. Eko karibu kumaliza."

Kaka yangu hakuwa karibu kumaliza. Alikuwa hata hajafika kwenye babu zetu. Na upande wa pili mzee wao mmoja alikuwa akimshikilia mkwe goti ili asiinuke: "Kaa chini, papa. Ukigusa kamba, batasema unarudisha bibi." Hivyo familia mbili zenye akili timamu, zilizosoma, zenye Wakatoliki na Waprotestanti, zikakaa kwa adabu na kutazama mti ukivuliwa nguo.

Hatimaye msemaji akatamka. Vigelegele vikapigwa. Pazia likafunguliwa, nikaitwa nije nipokee mbuzi wangu. Nikatoka kwa mwendo wa maringo, kikwembe kipya cha kitenge kiunoni, tabasamu nimelipanga. Nikageuka upande wa mchungwa.

Shina lilikuwa jeupe. Kutoka karibu na ardhi mpaka usawa wa kiuno changu, limemenywa, linang'aa kwa majimaji kama muhogo. Mbuzi wangu mwenyewe, yule wa mama mzazi, alikuwa bado anatafuna kipande.

"Yoo! Muti yangu! Muti yangu, ye!"

Wanawake wa upande wa pili, ambao hawakuona nilikuwa naangalia nini, wakadhani mama amefurahi kupita kiasi, wakaniitikia kwa vigelegele. Kadiri nilivyolia ndivyo walivyopiga. Ngoma ikaingia. Nilikuwa nalia na watu wanacheza, na hata sasa tukikumbuka, binti yangu lazima akae chini kwa kucheka. Siku ile sikucheka. Nilikuwa najua ninachokiona. Nimewaambia watu wa mji huu miaka na miaka kwamba mti uliovuliwa gome kuzunguka pande zote hauponi. Majani yatabaki kijani kwa muda, mwenye mti atajidanganya, halafu siku moja ni kuni.

Wakati huo mkwe alikuwa amevua koti. Hakunikaribia, alisimama mbali akageuzia uso ukutani kama mila inavyotaka, lakini alikuwa akimsemesha binti yangu haraka haraka, na binti akaja kwangu mbio na vito vyake vyote vikilialia.

"Mama, anasema tufunike kidonda na kitambaa ya maji. Sasa hivi. Jua isipige. Anasema kama inakauka leo, njo mwisho."

Nilikifungua kikwembe changu kipya, nikakichovya kwenye pipa la maji, nikaanza kulizungushia shina.

"Kikwembe ya mahari!" shangazi akapiga ukelele.

"Kikwembe nitapata ingine. Muti nitapata wapi?"

Nilipokuwa nafunga, vidole vyangu vikakuta kitu upande wa nyuma, pale pipa lilipokuwa limeegemea. Ukanda wa gome, mwembamba, upana wa vidole viwili, ambao mbuzi hawakuufikia. Nikamwita binti amwambie mumewe. Nikasikia yule kijana, kule ukutani, akimshukuru Mungu kwa sauti. Ndipo nikaelewa kwamba muda wote ule niliomwona kwenye dirisha, hakuwa akiangalia msichana mwingine. Alikuwa akiangalia mti. Nikaona haya, na nikaona furaha, yote pamoja.

Ile kazi yake nyingine ambayo sikuuliza vizuri ilikuwa kupandikiza miche. Kesho yake alirudi kutoka Beni kwa pikipiki, hana suti tena, na mfuko wa zana mgongoni: kisu kidogo kikali, nta ya nyuki, misumari midogo ya fundi viatu, na mikanda aliyoikata kwenye mpira wa ndani wa gurudumu. Akaeleza mpango wake kwa binti, na binti akanieleza mimi, ingawa nilikuwa nimesimama karibu kabisa na nasikia kila neno. Maji hupanda kupitia mbao ya ndani, kwa hiyo majani hayatajua kitu kwa sasa. Chakula hushuka kwenda mizizini kupitia gome, na njia hiyo imekatika, umebaki ule ukanda wa vidole viwili tu. Tutajenga madaraja. Tutachukua vijiti vichanga vya mti wenyewe, tutachomeka ncha moja chini ya gome zima la chini na ncha nyingine chini ya gome zima la juu, na Mungu akipenda vitashika na kuwa gome.

Nilijua mengi kuhusu miti, lakini hili sikulijua. Nilijua kuona ugonjwa. Kutibu kwangu kulikuwa kukata waya, kuondoa udongo na kugombeza watu.

Ikaja shida ya kwanza. Vijiti vizuri, vile vinavyoota wima, vilikuwa juu kabisa, na mkwe hawezi kupanda mti huku mama mkwe yuko chini. Nikaambiwa niingie ndani. Nikaingia, akapanda, akakata, akashuka, nikaitwa. Shida ya pili ilikuwa kubwa zaidi: mtu mmoja hana mikono ya kutosha. Mmoja anachomeka, mwingine ashikilie kijiti kisitikisike mpaka kifungwe. Binti yangu alijaribu. Binti yangu ana akili sana, hesabu zake ni za kuogopwa, lakini amelelewa na fundi cherehani na hawezi kutunga uzi kwenye sindano. Kijiti cha kwanza alikivunja, cha pili akakiangusha mchangani.

"Toka hapo," nikamwambia. "Ile njo kazi yangu."

Wote tukamwangalia shangazi. Shangazi alifikiri, akakunja uso, akaingia ndani, akatoka na shuka la kitandani. Akalifunga kwenye tawi lishuke karibu na shina, mimi upande huu, mkwe upande ule, tukionana mikono tu kwa chini na pembeni.

"Mikono isigusane," akasema, akavuta kigoda akakaa katikati kama refa.

Tukafanya kazi hivyo. Kwanza alinyoosha kingo za kidonda, akakata gome lililochanika mpaka afike penye uzima. Halafu akawa akinoa kila kijiti ncha mbili kwa mshazari, anakipitisha chini ya shuka, napokea, nakishikilia kwenye nafasi yake, kikiwa kimepinda kidogo ili mti ukitikiswa na upepo kisichomoke. Anapigilia msumari, tunafunga mpira, anapaka nta. Kijiti kina kichwa na miguu, alisema kupitia kwa mke wake. Kikiwekwa kichwa chini hakishiki.

"Ambia bwana yako," nikasema, "miye minashona tangu yeye hayazaliwa. Hata kitambaa ya velu, ile ya manyoya, iko na juu na chini yake. Nitajua."

Upande wa pili wa shuka mtu alicheka. Cheko dogo, la heshima, likamponyoka akalikohoa. Shangazi akaguna.

Nilikuwa naitazama ile mikono. Ina makovu ya visu, kucha fupi, na haikuwa na haraka. Kila akikata, alipuliza vumbi polepole kabla ya kuweka. Nimefundisha wasichana wengi kushona, na najua kwamba mdomo wa mtu unaweza kukudanganya lakini mikono ikiwa kazini haiwezi. Kabla jua halijafika upande wa magharibi nilikuwa nimeshampenda mkwe wangu, nami sijamwona uso vizuri hata mara moja.

Tulipomaliza, shina lilikuwa limezungukwa na vijiti kama mtu aliyevunjika mguu akafungwa kienyeji. Niliuliza, kupitia kwa binti, tutajuaje.

"Anasema tungoje majani ya mupya. Majani ikitoka, madaraja imeshika. Mais kama maua njo inatangulia, maua mingi mingi..." Binti akanyamaza, kwa sababu mumewe alikuwa amenyamaza.

Hakukuwa na haja ya kumalizia. Hilo nilikuwa nalijua. Mti unaohisi kifo hutoa maua kuliko kawaida, ukitaka kuacha mbegu. Nimeona miti ya avoka iliyozaa mpaka matawi yakavunjika, mwenyewe akaita majirani washerehekee, na mwaka uliofuata akaita mwenye msumeno.

Harusi ya kanisani ikafungwa, binti akashuka Beni, nyumba ikabaki na mimi na cherehani. Kila asubuhi nikimaliza kusali nilikuwa natoka na kuuzunguka mti. Majirani walinicheka: daktari ana mgonjwa wodini. Niliwaambia wanyamaze, na nikawakumbusha kuhusu udongo kwenye miti yao.

Kisha maua yakaja.

Yakaja mengi, meupe, kila kijitawi. Harufu ilishuka mpaka barabarani, waendesha pikipiki walikuwa wakipunguza mwendo. Majirani waliingia kunipongeza. Mama, muti imepona! Mchungaji akasema atautolea mfano siku ya Bwana. Nilitabasamu na kuwakaribisha chai, na walipoondoka nikaingia chumbani nikajifunika uso. Sikuwahi kuogopa harufu nzuri kama ile. Nilimpigia simu binti yangu, nikamwambia maneno mawili tu, "maua inatoka," na nikasikia nyuma yake mumewe akisema, "Mungu wangu."

Walipanda kuja Butembo mara barabara iliposemekana ni salama. Shangazi naye alikuwa ameshuka na viazi vyake vya msimu, maana habari za maua zilikuwa zimefika Lubero kama muujiza na alitaka kuuona. Mkwe aliuzunguka mti wote. Akamnong'oneza mke wake, na binti akanitazama kwa huruma.

"Anasema tuyatoe. Yote. Kama tunaacha muti izae matunda, nguvu yote itaisha kule, na mizizi itakufa na njaa."

Shangazi akaruka. "Kutoa maua? Bantu bazima banangoa maua ku muti ya bwana yake? Mutaita laana!"

Nikamwambia shangazi, kwa heshima zote, kwamba bwana aliyeuleta mti huu aliuleta ili uishi, siyo ili uzae mara moja vizuri. Nikaingia ndani ili mkwe apande ngazi, na aliposhuka nikatoka nikachukua matawi ya chini. Tukapokezana hivyo mchana mzima, yeye juu mimi ndani, mimi chini yeye ukutani. Nilichuma maua kwa vidole hivi. Yalijaa kwenye beseni, yalijaa kwenye gauni langu. Nililia, wala sikuficha. Majirani walisimama kwenye ua wakishika vichwa, na mmoja akasema kwa sauti kwamba uzee umenifikia mapema.

Baada ya hapo hakukuwa na kitu. Mti ulisimama tu. Tawi kubwa moja la upande wa bondeni likakauka, nikalikata mwenyewe kabla halijaleta wadudu, na kidonda nikakisawazisha karibu na shina bila kuchubua gome la shina. Mvua zikaanza. Nilihamisha cherehani ndani nikawa nashonea dirishani, jambo ambalo silipendi. Kisha asubuhi moja niliona vinundu vya kijani kwenye ncha za matawi. Sikumwambia mtu. Nilikwishadanganywa na maua mara moja, na niliogopa hata kuvigusa. Niliwaambia tu binti na mumewe waje kunisalimia siku wakipata nafasi, na shangazi, ambaye huwa anasikia hata yasiyosemwa, akaja vilevile.

Siku waliyofika vinundu vilikuwa vimefunguka, majani laini, yanang'aa. Mkwe hakuangalia majani. Alipiga magoti kwenye shina, akafungua mipira, na kwa ukucha wa dole gumba akakwaruza daraja la kwanza. Kavu. La pili, kijani. La tatu, kijani. Akazunguka hivyo, polepole, anakwaruza, anapuliza, na mimi nimesimama nyuma ya mlango nikishika fremu kwa mikono miwili. Mawili yalikuwa yamekufa. Mengine yote yalikuwa yamenenepa kama kidole, yamevimba juu na chini pale yalipoingia kwenye gome. Akaweka kiganja kizima juu ya shina. Akainuka, akageuka, na alikuwa ameshasahau ukuta, amesahau mke wake, amesahau kila alichofundishwa kwao. Akaniangalia machoni.

"Mama, iko muzima. Muti yako iko muzima."

Nilitoka mlangoni. Niliushika mkono wake, ule wenye makovu, kwa mikono yangu yote miwili. Alishtuka, akataka kuurudisha na kupiga magoti, sikumwachia. Nikamshukuru kwa Kinande chetu, "Wasingya, mutoto yangu. Wasingya." Binti yangu akaziba mdomo. Majirani kwenye ua wote, kama waliopangwa, wakageuka kumwangalia shangazi.

Shangazi alikuwa kwenye kigoda chake anamenya viazi. Alitutazama mkono kwa mkono, akatazama majani, akatutazama tena. Kisha akainua kigoda, akakigeuza, akakaa ametupa mgongo.

"Miye niko namenya biazi," alisema. "Hapana kuona kitu."